Hesabu ya Uwezo wa Nodi

Hesabu ya uwezo wa nodi ni utaratibu ambao programu ya kuongoza kundi la seva huutumia kupima kama seva moja, iitwayo nodi, ina nafasi ya kubeba huduma nyingine, ama rasilimali, juu ya zile ilizokwisha kuzibeba. Katika Pacemaker, programu huria iliyoanza kutungwa mwaka 2004, hesabu hii haitokani na kipimo cha papo kwa papo, bali na tarakimu za kumbukumbu na vichakataji alizoziandika msimamizi. Wala haitumiki mpaka mkakati wa upangaji ubadilishwe kutoka ule wa asili, ambao hauzitazami tarakimu hizo.

Taabu huzidi pale rasilimali inaposhindikana kukomeshwa, na hapana njia ya kuitenga nodi yake kwa kuizima kwa nguvu: hapo Pacemaker huizuia rasilimali hiyo, yaani huiacha bila kuisimamia, isiianzishe wala kuikomesha hadi msimamizi aingilie kati. Kwa kuwa hapana yakini kwamba imekoma, ni lazima ihesabiwe kuwa ingali juu ya nodi ile. Mathalani, nodi yenye megabaiti 4096 za kumbukumbu, iliyobeba mashine pepe ya 3072 iliyogoma kukoma, hubakiwa na 1024 tu. Mashine ya 2048 itapelekwa kwingine, au, pakikosekana nafasi, haitaanzishwa. Hesabu ikiipuuza ile iliyokwama, mashine mbili zitadai 5120 kwa nodi moja, na dhara huenda likazifika hata huduma zilizokuwa salama.