Kufuga mbwa Dzaleka na Lilongwe: chakula, kupe na hofu ya kichaa

Mbwa walio wengi nchini Malawi hawana jina la aina. Ni wa kienyeji, Wachewa huwaita galu, na kazi yao ni kubweka usiku. Mbwa wa kigeni, kama vile beagle, mwindaji mdogo wa sungura mwenye asili ya Uingereza, ni mfugo wa wenye nafasi. Beagle ana matatizo yake: masikio yake marefu hufunika tundu na kuhifadhi unyevu, hivyo huoza upesi yasipokaguliwa na kusafishwa, na ulafi wake humfanya anenepe hadi mgongo na viungo vikalemewa. Baadhi yao huugua kifafa cha kurithi. Hata hivyo, kupe, minyoo na kichaa havichagui mbwa kwa nasaba.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuwahifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Hivi sasa inao zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika sokoni, kanisani na vibarazani. Nyumba za matofali ya udongo zimebanana. Penye msongamano kama huo, mbwa wa mtu mmoja huzurura kwa watu kumi, hula makombo ya wote na hucheza na watoto wa wote.

Chakula ndicho mzigo wa kwanza. Familia inayohesabu unga wake hadi mwisho wa mwezi humpa mbwa kilichobaki: ukoko wa nsima, vichwa vya usipa, na gaga, yaani pumba za mahindi. Hapo pana hatari isiyoonekana kwa macho. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, na mahindi yanapokobolewa sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye pumba. Mbwa anayelishwa gaga iliyovunda huweza kuharibika ini, akatapika, macho yakawa ya manjano, kisha akafa. Mwenyewe hudhani amelogwa au ametiliwa sumu na jirani. Gaga kavu isiyo na harufu ya uvundo, iliyopikwa pamoja na dagaa kidogo, humfaa kuliko gunia zima la bei rahisi.

Wakati wa mvua kupe huongezeka. Huwaambukiza mbwa maradhi ya damu, ambayo dalili zake ni homa, ufizi mweupe na uchovu wa ghafla. Kumkagua mbwa kila jioni masikioni, makwapani na katikati ya vidole hakugharimu kitu. Mafuta ya gari, ambayo wengine humpaka ili kuwaua kupe, humdhuru mbwa mwenyewe kwa kuwa huyalamba.

Hofu kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa, ambacho kwa Kichewa huitwa chiwewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban wanne katika kila kumi ni watoto wasiozidi miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, kinga ipo. Kidonda huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aliyeumwa hupelekwa kituo cha afya kuanza chanjo bila kungoja kuona kama ataugua. Pilipili, majani yaliyotwangwa na tindikali ya betri havina nafasi juu ya jeraha. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa na kutupwa, kwani hali yake huwasaidia waganga kuamua.

Kuchanja mbwa mmoja mmoja hakutoshi. Maambukizi hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapokuwa na kinga. Jambo hilo linawezekana Malawi: mwaka 2015 shirika la Mission Rabies lilichanja zaidi ya mbwa 35,000 mjini Blantyre kwa siku 20, kwa kupita vituoni na nyumba kwa nyumba. Mjini Lilongwe, shirika la ustawi wa wanyama la LSPCA nalo huchanja mbwa na kuwafunga uzazi. Mkazi wa Dzaleka ana kikwazo kingine. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni pesa ya chakula, na dereva wa basi dogo hakubali kila mara kumpakia mbwa. Kwa hiyo wafugaji wa kambini hutegemea zaidi siku ambazo wachanjaji huja wenyewe. Siku hiyo mtoto ndiye humleta mbwa akiwa amefungwa kamba shingoni, na kadi ya chanjo anayopewa hustahili kutunzwa pamoja na karatasi nyingine za nyumbani: mtu akiumwa, ndiyo itakayoulizwa kwanza.