Unatembea porini Simiyu? Fanya haya ukikutana na tembo, fisi au mbwa koko

Simiyu imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Pori la Akiba Maswa limo ndani ya mkoa huu. Hakuna ukuta. Ndiyo maana ukitembea kwa miguu vijijini Bariadi, Itilima au Meatu unaweza kukutana na mnyama mkali hata nje ya hifadhi.

Kabla ya kutoka
Waulize wenyeji au ofisi ya kijiji kama kuna wanyama wameonekana. Tembeeni kwa kundi, mchana. Kuingia pori la akiba bila kibali ni kosa kisheria.

Tembo
Akitanua masikio na kukukazia macho, anakuonya. Rudi nyuma taratibu, na usikae kati yake na mtoto wake. Selfie acha kabisa. Usimkaribie hata akionekana mpole.

Fisi
Fisi hutembea zaidi usiku, na Simiyu yamewahi kuripotiwa matukio ya kushambulia watu, wakiwemo watoto. Wapo wanaoamini ni fisi wa kishirikina. Amini unavyoamini, ila kinga ni ileile: usilale nje, usimwache mtoto atembee peke yake gizani, na usitupe mabaki ya nyama karibu na kambi. Ukikutana naye usikimbie wala usimpe mgongo. Simama wima, piga kelele, rudi nyuma polepole.

Mbwa koko
Huyu ndiye watu wengi humdharau, kumbe anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usikimbie, usimkazie macho. Simama, mikono chini, kisha ondoka taratibu akitulia.

Ukiumwa
Osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo, na umalize dozi zote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Usisubiri uone.

Toa taarifa
Mwambie mwenyekiti wa kijiji au ofisa wanyamapori wa wilaya. Serikali hutoa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa na wanyama wakali na kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini bila taarifa hakuna pa kuanzia.