Majibizano ya Washairi Magazetini na Mgogoro wa Ushairi: Mtazamo kutoka Makambako

Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 anaujua kila mwanafunzi wa fasihi, walau kwa ule muhtasari wa mtihani: wanamapokeo upande huu, wanausasa upande ule; huku vina na mizani, kule mashairi huru; huku Pwani, kule Bara. Muhtasari huo unaleta alama, sikatai. Lakini katika makala haya nitadai kwamba kipande chake cha mwisho, hicho cha Pwani na Bara, hakisimami kwa upande wa Tanzania, na kwamba tumekosea kwa sababu tunaanza kusoma historia ya ushairi wetu kwenye vitabu na kuziruka kurasa za magazeti.

Naomba nianzie nyumbani, msomaji atanisamehe. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita pale, ya Njombe na Songea inachepukia palepale, na treni ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Kila kitu kinapita Makambako, hata magazeti. Babu yangu mzaa mama, fundi cherehani, aliacha kaunta buku moja nene ambamo alikuwa akibandika kwa uji wa ngano mashairi aliyoyakata kwenye Uhuru na Mzalendo. Chini ya kila shairi aliandika jibu lake mwenyewe kwa kalamu ya wino wa buluu. Pembeni ya kila mshororo kuna namba: 16, 16, 15, halafu mstari umekatwa na kuandikwa upya, 16. Majibu yako zaidi ya thelathini. Hakutuma hata moja.

Nilimwuliza bibi kwa nini. Akacheka. "Angetuma vipi, mjukuu wangu? Watu wa Pwani wangemcheka. Babu yako 'la' na 'ra' zilikuwa zinamchanganya." Kwa kweli nilikaa kimya, maana hata mimi zinanichanganya.

Sasa twende kwenye historia. Kumjibu mshairi kwa shairi ni mila ya zamani kuliko gazeti lolote. Mombasa na Lamu zilipopigana Shela mwanzoni mwa karne ya 19, washairi nao walishambuliana kwa beti. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alitunga mengi akiwa katikati ya mazungumzo: anajibu, anachokoza, anafumba, anafumbua. Ukiifungua diwani yake iliyohaririwa na William Hichens na kutoka mwaka 1940, utakutana na mashairi ambayo bila kuelezwa kisa chake huambulii kitu, kwa sababu umesikia nusu tu ya maongezi. Hivyo aliyetaka kusema kuwa shairi la mwenzake lina kasoro hakuandika insha. Alitunga.

Magazeti yaliuchukua mchezo huo na kuutoa mjini. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904 wakati wa Wajerumani. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Mwingereza, likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Yote mawili yaliandikwa kwa hati za Kirumi, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ushairi wa akina Muyaka ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, na kwa hati hizo mtoto wa Ubena alikuwa nje ya mlango. Kwa hati za Kirumi, alizofundishwa na Walutheri wa Kidugala au Wabenediktini wa Uwemba, angeweza angalau kubisha hodi.

Ni vizuri tueleze utaratibu wenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kuushika ukurasa wa aina hiyo. Mshairi alianza kwa kumwomba mhariri nafasi. Akatoa hoja yake, au fumbo, au swali: kipi bora, mali au elimu? Akafunga kwa tamati, akataja jina lake na mji alipo. Baada ya wiki kadhaa, au mwezi kama gazeti ni la mwezi, majibu yakaanza kuingia kutoka Tanga, Tabora, Ujiji. Anayejibu alifungwa na sheria isiyoandikwa: achukue bahari ileile, idadi ileile ya mizani, na mara nyingi vina vilevile. Fundi hasa alikamata kibwagizo cha mwenzake akakigeuza kimsute mwenyewe. Kama kina cha mwenzako kimepwaya, ulimwonyesha kwa kukitumia wewe kikakaa sawa. Wengine walijificha kwenye lakabu. Akilimali alijiita Snow-White, na Andanenga akajulikana kama Sauti ya Kiza. Kwa hiyo wanaodhani kujificha nyuma ya jina la kubuni kumeletwa na simu za mkononi wakasome tena.

Huu, kwa maoni yangu, ulikuwa uhakiki. Tena uhakiki wenye gharama, kwani mhakiki alipanda mizani ileile aliyompandisha mwenzake. Ukimwambia mtu mshororo wake wa tatu una mizani 15, wako lazima uwe na 16, la sivyo wiki ijayo utajibiwa wewe. Katika maandishi yetu uhakiki wa Kiswahili huhesabiwa tangu wataalamu wa Kizungu na baadaye vyuo vikuu. Malumbano haya tunayaweka kwenye fungu la "burudani". Ni dharau, na tunaifanya bila kujua.

Naharakisha kusema kwamba ukurasa ule haukuwa pepo. Mlangoni alisimama mhariri, na nyuma ya mhariri wa Mambo Leo ilisimama serikali ya kikoloni. Aliyeingia ni yule aliyesoma, mwenye senti za kununulia gazeti na stempu: karani, mwalimu, tarishi, fundi. Mkulima wa mahindi wa Lupembe hakuwamo. Na kukosolewa hadharani si jambo la watu wote. Shaaban Robert mwenyewe, pamoja na sifa zake zote magazetini, alikuwa na njia nyingine ya faragha: kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na humo mna habari za miswada yake na mahangaiko ya kuichapisha. Barua hizo, za mwaka 1931 hadi 1958, zilitolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Kila mshairi anahitaji Yusuf wake. Babu hakuwa naye.

Sasa tuwatazame walioupita mlango ule wakawa mabingwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alizaliwa Ujiji. Saadan Kandoro naye ni wa Ujiji. Mathias Mnyampala (1917–1969), hakimu na mwandishi asiyechoka, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Hebu rudia kuisoma orodha hiyo. Hawa ndio tunaowataja kila siku tunapotaka mifano ya wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, na wote ni watu wa Bara! Mtu anaweza kunipinga kwamba Ujiji ulikuwa mji wa Waswahili tangu enzi za misafara, na kweli ulikuwa. Lakini Ugogo je?

Tukikubali hilo, kitabu cha Amri Abedi kinabadilika sura. Sisi wanafunzi tumezoea kukiita pingu. Lakini mtoto wa Dodoma au Njombe mwaka 1954 angekionaje? Lafudhi ya Mvita hainunuliwi dukani. Msamiati wa Kiamu hupatikani kwa kukariri. Hesabu ya mizani, kinyume chake, ni hesabu tu: nane na nane kumi na sita, iwe Pangani au Makambako. Sheria iliyoandikwa waziwazi inamfaa mgeni kuliko mwenyeji, kwa sababu mwenyeji anaijua bila kuambiwa. Amri Abedi aliwapa wageni ufunguo, na walioutumia walilipa kwa kukosolewa mbele ya nchi nzima, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaitwa malenga.

Mwaka 1968 Rais Nyerere alikutana na washairi akawaomba waieneze siasa ya Azimio la Arusha. Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, wakaitikia kwa ngonjera, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971, Mnyampala akiwa ameshafariki. Tumezoea kusema ngonjera ni majibizano yaliyopandishwa jukwaani. Mimi naona kitu kimoja kilipotea njiani. Kwenye gazeti hakuna aliyejua jibu litakalokuja. Kwenye ngonjera mjinga anauliza, mjuzi anajibu, na ubeti wa mwisho mjinga ameshaelewa. Mikono yote miwili ni ya mtu mmoja. Mnyampala aliyezoea malumbano ya kweli sidhani kama hakuliona hilo, ila kazi ya taifa ilikuwa inamngoja.

Basi, mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi. Katika utangulizi alitetea lugha ya kawaida ya watu, na humo ndani kuna mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, jina ambalo mimi siwezi kulisoma bila kusikia Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir iliyotangulia mwaka 1971. Hata jina la kitabu linajibizana! Mwaka 1979 hao wawili wakafuatisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakieleza kwamba vina na mizani si roho ya ushairi, kwani nyimbo na tungo za makabila yetu zilikuwapo bila hivyo. Kezilahabi ni wa Ukerewe. Mulokozi ni wa Kagera, na Kahigi naye ni wa Bara. Bara tupu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mgogoro huu, kwa upande wa Tanzania, ilikuwa kati ya vizazi viwili vya watu wa Bara. Kizazi cha kwanza kiliingia ushairini kwa mlango wa gazeti, cha pili kwa mlango wa Chuo Kikuu. Cha kwanza kilikuwa kimelipa kiingilio. Leo anakuja kijana mwenye shahada anasema kiingilio hakikuwa cha lazima. Ndiyo maana majibu yalikuwa makali kiasi kile, na ndiyo maana Mayoka mwaka 1984 bado alikuwa na la kusema katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Tazama na jina hilo: mgogoro kwanza, halafu diwani. Anatoa hoja, kisha anapanda mizani mwenyewe, vilevile kama gazetini.

Kinadharia mimi niko upande wa Mulokozi na Kahigi, na nimeandika hivyo hata kwenye mtihani. Lakini wasomi waliposhinda, jibu lilihama kutoka kwenye beti kwenda kwenye insha, na fundi cherehani wa Makambako aliyekuwa anaweza kuhesabu hadi 16 hakuweza tena kuingia kwenye mjadala uliohitaji nadharia. Sijaona mahali ambapo hasara hiyo imehesabiwa.

Siku hizi tunatumiana mashairi kwa simu. Unatuma saa mbili usiku, saa mbili na dakika moja umeshapata vikopa na "hongera malenga", jambo ambalo halimsaidii mtu. Mwezi Juni uliopita, nikiwa likizo nyumbani na baridi ile ya Njombe isiyotaka mchezo, nilinakili jibu moja la babu, kuhusu subira, nikalituma kwa washairi wenzangu bila kurekebisha hata herufi. Wawili walisema haraka kwamba "hali" na "hari" si kina kimoja. Mmoja aliongeza alama ya kicheko. Wa tatu, kijana wa Pemba ambaye sijawahi kumwona, alikaa siku nne kimya. Halafu akaleta beti tano, bahari ileile, mizani 16 kila mshororo, na kina cha mwisho amekichanganya "la" na "ra" mahali palepale alipochanganya babu. Nimemsomea bibi. Anasema ni heshima. Mimi bado nashuku huenda ni kejeli, na nimeshaanza kumjibu.