Mkulima wa Jericho na Vipande Alivyovipeperusha

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha. Si wa magazetini, la, wa mtaani: picha za paspoti, za harusi, za mtoto aliyetimiza arobaini. Alipofariki, wakubwa waligawana kitanda, redio na baiskeli. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hadi leo nyumbani hayatajwi mbele ya wageni, nikatupiwa mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na kamera ya Zenit, ya Kirusi, imekufa shata, na lenzi yake ya milimita 58 ikiwa nzima kabisa. "Haya mwandishi," akasema mjomba mwingine, "urithi wako huo." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje.

Nayasema haya mapema, ndugu msomaji, ili ujue kwamba anayekusimulia habari za kupiga picha vitu vidogo si mtaalamu. Mie nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Lakini lenzi ile ndiyo iliyonifikisha kwa mkulima mmoja wa Marekani aliyekufa mwaka 1931, na mkulima huyo ameniachia jambo ambalo limenikalia kooni kama mwiba wa samaki.

Kwanza lenzi yenyewe. Siku moja nikiwa mdogo, marehemu aliifungua kutoka kwenye kamera, akaigeuza nyuma mbele, akaniambia nichungulie pindo la kanga ya mama. Niliona nyuzi kama kamba za jahazi, na rangi imezama katikati yake, kwingine imejaa, kwingine haikufika. Sikumwelewa alivyofanya. Siku hizi naelewa. Lenzi ya kamera imetengenezwa ichukue kitu kikubwa kilicho mbali, mtu, nyumba, mwembe, ikifinye mpaka kienee kwenye kipande cha filamu chenye upana wa milimita 36. Upande wa mbele unatazama ukubwa, upande wa nyuma unatazama udogo. Ukiigeuza, umegeuza na kazi yake: sasa inachukua kitu kidogo kilicho karibu na kukikuza.

Basi nikafanya hivyo kwenye simu. Nilikata boksi la viatu, nikatoboa tundu, nikaibandika lenzi kinyumenyume mbele ya jicho la simu kwa gundi ya karatasi. Pete ya lenzi lazima uizungushe tundu lake lifunguke lote, la sivyo utaona kiza na duara dogo katikati. Hata ukilifungua, pembeni patabaki peusi kidogo, usijali. Kitu unachokipiga kikae kama sentimita nne na nusu kutoka kwenye lenzi. Ukisogea unywele mmoja tu, kila kitu kinakuwa ukungu. Kwa hiyo mimi simu siisogezi. Nailaza juu ya mafungu mawili ya vitabu, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni, halafu kitu ndicho ninachokiinua kwa kukiwekea madaftari chini yake, moja moja. Na pumzi unaibana. Nilianza na chumvi ya pakiti. Nilidhani ni unga tu, kumbe kila punje ni kijumba chenye kuta na pembe. Nilikaa na chumvi ile hadi mama akaniuliza kama nimerogwa.

Mwenye lenzi isiyokuwepo hajakwama. Tone moja la maji likiwekwa kwa ncha ya kijiti juu ya jicho la simu nalo hukuza, mradi mkono usitetemeke na maji yasiingie ndani. Huyo si ugunduzi wangu. Maji na kioo cha mviringo ni mambo ya kale. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft huko Uholanzi, ambaye Kilatini cha wasomi hakukijua, alisaga vilenzi vidogo kwa mikono yake, na katika miaka ya 1670 akawa anawaandikia wakubwa wa Royal Society mjini London, kwa Kidachi chake cha nyumbani, kuwaeleza wadudu aliowaona ndani ya maji. Lakini Leeuwenhoek hakuwa na kamera. Alitegemea wachoraji. Mtu ninayemtaka mimi ni yule aliyeshindwa kuchora.

Nilimkuta maktaba, ndani ya kitabu kilichong'oka jalada. Wilson Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe wa maziwa. Mama yake aliwahi kuwa mwalimu, akamfundisha mwanawe nyumbani. Shule ya kawaida alikwenda kidogo sana. Hadubini ya kwanza aliyochungulia ilikuwa ya mama huyo. Alipokuwa na miaka 15 akaweka kipande cha theluji chini yake na hapo akapotea moja kwa moja. Akajaribu kuchora alichokiona, lakini theluji haisubiri. Ukiinua kalamu, imekwisha yeyuka.

Akawaomba wazazi kamera. Hebu fikiria, kijana wa shamba anaomba kamera mwaka 1882 hivi, tena ya kupigia theluji, kitu ambacho majirani wanakiondoa mlangoni kwa koleo. Kamera na hadubini yake viligharimu kama dola 100, fedha nyingi kwa mfugaji wa wakati ule. Baba alinunua kwa sababu mama alisisitiza, na mwenyewe Bentley alikuja kusema uzeeni kwamba baba yake hadi mwisho aliona ni upuuzi mtupu. Hapo nilifunga kitabu kwanza nikaenda kunywa maji. Sisi tunaoandika mashairi wakati wenzetu wanaendesha bodaboda, mama wa namna ile na baba wa namna ile tunawajua vizuri.

Kazi ilifanyika katika banda lisilo na moto nyuma ya nyumba, maana joto lingeharibu kila kitu. Aliunganisha hadubini na kamera ile ya kizamani yenye shingo ya kukunjuka kama mvukuto wa mhunzi. Alitoka nje na ubao mweusi, akadakia theluji, akarudi mbio. Akiona kipande kinachofaa, alikiinua kwa kijiti cha ufagio, akakilaza juu ya kioo, akakigandamiza taratibu kwa unyoya. Pumzi aliibana, pumzi moja ya binadamu ingetosha kukiua. Kamera ilikuwa ndefu kiasi kwamba mkono wake haukufika kwenye skrubu ya kurekebisha hadubini huku jicho lake likiwa nyuma, basi akafunga kamba na gurudumu. Mwanga ulipita nyuma ya theluji kutoka dirishani, naye alilazimika kuuacha uingie kwa sekunde nyingi. Aliharibu mabamba ya vioo kwa majira kadhaa ya baridi. Tarehe 15 Januari 1885, zikiwa zimebaki wiki tatu na ushei atimize miaka 20, bamba moja likatoka. Alisema alitamani kupiga magoti kando ya kile chombo.

Baada ya hapo hakuacha. Kwa zaidi ya miaka 40 alipiga picha zaidi ya 5,000, hukohuko kijijini, akikamua ng'ombe asubuhi na jioni. Mwaka 1898 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Vermont, George Henry Perkins, alimsaidia kuchapisha makala ya kwanza. Picha zake akiziuza senti tano kila moja. Mwezi Novemba 1931 likatoka pato la maisha yake, kitabu chenye picha zaidi ya 2,400, *Snow Crystals*, alichokitayarisha na William J. Humphreys wa idara ya hali ya hewa. Wiki chache baadaye, tarehe 23 Desemba, homa ya mapafu ikamchukua, katika nyumba ileile aliyozaliwa.

Hiyo ndiyo hadithi kama inavyosimuliwa, na ni tamu. Kama ingeishia hapo nisingekusumbua.

Ila kuna kisu. Barafu haina rangi, na ukiipiga picha kwa mwanga wa nyuma unapata kitu cheupe juu ya weupe. Zile picha mashuhuri za Bentley, nyota nyeupe zikielea kwenye kiza cheusi ti, hazikutoka hivyo kwenye kamera. Alinakili negativu, halafu kwa ncha ya kisu akakwangua ile dawa yote inayozunguka nyota, kwa subira ya ajabu, mpaka ikabaki nyota peke yake. Penye kioo kitupu karatasi hutoka nyeusi. Mjomba angeelewa mara moja. Na yeye alikuwa akiwapaka watu wanja na kalamu kwenye negativu ili macho ya paspoti yaonekane.

Berlin hawakupenda. Huko mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann, akisaidiwa na daktari mpiga picha Richard Neuhauss, alikuwa ametoa kitabu chake cha picha za theluji mwaka 1893. Vipande vyake vilikuwa vya kijivu, vingi vimepinda, mkono huu mrefu na ule mfupi. Alipoziona za Mmarekani akamshutumu kwamba kisu kimepita mpaka, kimekata hata kingo za theluji yenyewe. Bentley alijitetea kwamba anaondoa kiza cha bure tu ili umbo lionekane.

Nikiwa mtu wa karatasi na kalamu, kwenye habari ya kisu niko upande wa Bentley. Mandhari si theluji. Kinachonikera ni unyoya. Kabla ya kupiga, aliutumia unyoya huohuo kupeperusha vipande visivyompendeza: vilivyovunjika, vilivyogandamana, visivyokuwa na mikono sita sawasawa. Na wanaozijua theluji wanasema vya namna hiyo ndivyo vingi. Nyota kamili ni chache. Leo kila kadi ya Krismasi, hata zile zinazouzwa hapa kwetu ambako theluji tunaijua kwa friji tu, ina nyota ya mikono sita iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Mkulima mmoja alichagua, na dunia nzima ikaamini.

Mwaka jana niliandika hadithi ya mjomba. Studio ndogo, pazia la bluu, mzee mpole anayewafundisha watoto kuona. Nikamsomea mama, yeye ndiye dada yake. Akasikiliza hadi mwisho akiwa anachambua mchele.

"Nzuri," akasema. "Huyu ni nani?"

"Mama! Si mjomba?"

"Ah. Kaka yangu alikuwa anakunywa, mwanangu. Lile pazia aliliuza mara mbili."

Nikanyamaza. Hadithi ile ilikuwa imeshasifiwa na wenzangu wote.

Sasa, Bentley huyohuyo alikuwa na kazi nyingine isiyosifiwa sana, na hii yaweza kufanyika chumbani kwako leo. Majira ya joto, theluji ikiwa hakuna, alitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua. Alijaza unga uliochekechwa kwenye sufuria ya bati, kina cha kama sentimita mbili na nusu, akautoa mvuani kwa sekunde chache tu, akaurudisha. Kila tone likawa kidonge cha unga. Kikikauka unakipima. Ili asijidanganye, alidondosha kwanza matone ambayo ukubwa wake alikwisha upima, akaona kidonge na tone vinalingana. Alifanya hivyo kati ya mwaka 1898 na 1904, akapata vipimo zaidi ya 300, akavichapisha mwaka 1904. Miaka mingi ikapita kabla wataalamu hawajaurudia mtindo ule wa unga na kumpa haki yake.

Hapa hakuna unyoya, unaona? Mvua ikishaanguka kwenye unga, imeanguka. Tone kubwa na manyunyu yote yamo sufuriani.

Masika iliyopita nilingoja radi, nikachukua sinia, nikachekecha unga wa ngano wa mama, nikatoka nao uani. Nilihesabu hadi nne, nikarudi mbio nimelowa. Asubuhi vidonge vilikuwa vimekauka. Nikavichekecha kwenye chekeche la chai, taratibu, nikavimimina kwenye karatasi nyeusi dirishani, nikaweka lenzi ya marehemu. Jamani! Kimoja kilikuwa kama mwezi wenye mashimo. Kingine laini kama yai. Nikapiga kumi na mbili, nikafurahi, nikamrushia rafiki yangu mmoja.

Akanijibu: mbona vyote vya duara?

Nikatazama ukingo wa karatasi. Pale palikuwa na kifungu cha vidonge nilivyovisukuma kando kwa kidole bila hata kujua kama nasukuma: vilivyobonyea, viwili vilivyoshikana kama pacha, kimoja chenye mkia. Vilikuwa vingi kuliko vile nilivyovipiga. Nikavirudisha chini ya lenzi. Vya pacha nilivipata vizuri sana jua la saa nne, ubavuni, nimevilaza juu ya madaftari sita. Chenye mkia kilipasuka nilipokigusa.

Mama aliingia kutafuta unga wa chapati. Akatazama sinia, akanitazama mimi.

Hadithi ya mjomba ndiyo kwanza iko ukurasa wa pili. Nimeandika jina la kilabu alichokuwa akinywa, nikalikata, nikaliandika tena.