Mtungi, Kanga na Nafsi

Mswahili autajapo mtungi huutaja kama mtu: una mdomo, shingo, tumbo na kitako. Kanga nayo ina mji, kama mwanamke alivyo na mji wa mimba, tena ina jina. Wenye lugha, basi, walikwisha kuona kwamba udongo na nguo ni ndugu wa mwili.

Nchi zizungukazo Ziwa Viktoria hushuhudia hayo. Vyungu vya kale viitwavyo vya Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya, vimeonekana Mwanza pia; vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba kidole kilipita hapo. Mwaka 1929, huko Luzira karibu na Kampala, wafungwa waliokuwa wakichimba walifukua kichwa cha mtu cha udongo pamoja na vipande vya kiwiliwili. Kichwa hicho kilichukuliwa London, kikawekwa katika Makumbusho ya Uingereza, mbali na udongo uliokizaa.

Katika miaka ya 1960 Mwanza ilijengewa kiwanda cha nguo, Mwatex, na pamba ya Usukumani ikafumwa karibu na mashamba yake. Mashine haiachi alama ya kidole. Lakini avaaye kanga huchagua jina lake, akamwambia jirani neno ambalo kinywa kimelionea haya. Mfinyanzi aliacha mkono wake bila jina. Mvaaji hupata jina bila kuujua mkono uliofuma. Mwanahistoria atafutaye nafsi za watu wasioandika hana budi kuvisoma vyote viwili.