Kumbukumbu za Tippu Tip na Historia ya Unyanyembe

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya mtu nayo ni mali: yasipoandikwa hupotea, na akiandika mmoja tu, huyo mmoja huwa msemaji wa wote. Jambo hili twaliona wazi katika historia ya Unyanyembe, ambayo makao ya mtemi wake yalikuwa Itetemia, karibu na Tabora, pale njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilipogawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na nchi za kusini.

Miongoni mwa waliopita njia hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Uzeeni, akiwa amerejea Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyahamishia maandishi hayo katika herufi za Kilatini, akayatafsiri, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haijayatoa tena, mwaka 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Kitabu hicho ni hazina. Kiswahili chake ni cha mtu asimuliaye barazani, na pembe zinahesabiwa kwa frasila kama katika daftari la duka. Humo twasoma kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa ndoa hiyo nyumba ya mfanyabiashara iliungana na nyumba ya mtemi.

Lakini hazina haina budi kupimwa. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sere alirithi utemi. Aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu, nao wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sere akaendelea kupigana hadi alipouawa mwaka 1865. Tippu Tip anaisimulia vita hiyo akiwa mwana wa nyumba iliyompinga Mnywa Sere. Mtemi huyo hakuacha kitabu. Malalamiko yake juu ya ushuru na kuondolewa kwake twayapata katika maandishi ya Mwingereza John Hanning Speke, aliyekutana naye mwaka 1861.

Wanyonge zaidi ni wapagazi. Tippu Tip anaeleza jinsi wapagazi wake walivyotoroka, naye akawafuata, akawakamata na kuwafunga minyororo. Anayasema hayo bila haya, kama ushahidi wa uhodari wake. Hapo ndipo kumbukumbu humsaliti mwandishi wake: alichokiandika kwa kujisifu, sisi twakisoma kama ushahidi wa dhuluma. Wapagazi hao, ambao mabega yao ndiyo yaliyobeba utajiri wote huo, kwa kawaida wanatajwa kwa idadi, si kwa majina.

Je, tukitupilie mbali kitabu hiki? La, hasha. Tukikitupa tutapoteza shahidi aliyeyaona mambo kwa macho yake, na aliyetuandikia kwa lugha yetu. Yatupasa kukisoma huku tukiuliza: nani anasema, anamsema nani, na nani amenyamazishwa? Mwalimu akiwazoeza wanafunzi maswali hayo, atakuwa amewafundisha historia yenyewe.

Wala kazi haiishii katika kusoma. Tippu Tip aliandika, ndiyo maana sauti yake ingali inasikika. Mpagazi hakuandika, na minyororo yake twaijua kwa kalamu ya aliyemfunga. Kila mzee wa leo aliyelima, aliyefanya kazi kwenye reli au aliyelea watoto wa kijiji anayo habari ya kusimulia. Mwanafunzi aketi naye, aandike maneno yake kama alivyoyasema, amsomee ayasahihishe, kisha ayahifadhi shuleni. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu nao watatujua kwa maneno ya wengine.