Buyenzi na Reli Isiyofika

Burundi haijawahi kuwa na reli, hata ya kilomita moja. Hata hivyo, anayetaka kuandika historia ya Buyenzi hawezi kuikwepa reli, maana mtaa huu wa Waswahili wa Bujumbura ulilelewa na garimoshi ambalo halikufika kwake.

Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1897 ikiwa kambi ya jeshi la Wajerumani. Kando ya kambi wakakusanyika askari, wachukuzi na wachuuzi pamoja na jamaa zao: Wamanyema, watu wa Ujiji, wengine wa ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Wabelgiji walipoupanga mji, Waswahili wakatengewa mtaa wao, wenye njia zilizonyooka, zilizopewa namba badala ya majina. Hadi leo ukimuuliza mtu wa Buyenzi anakaa wapi, atakutajia avenyu ya ngapi.

Njia iliyowaleta wengi ilikuwa ya maji. Reli ilikuja baadaye ikaikuta. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mapema mwaka 1914 ikagota Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Wajerumani hawakuifaidi: Julai 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda-Urundi ikabaki mikononi mwa Wabelgiji, na wakubwa hao wawili wakakubaliana mwaka 1921 kwamba Ubelgiji ipewe maeneo yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo ndiyo Belbase. Shehena ikishuka Dar ilipanda behewa hadi Kigoma, kisha ikapakiwa melini kuja Usumbura. Kahawa ya Burundi ikashuka kwa njia hiyohiyo. Makuli, makarani na wachuuzi walioishi kwa shughuli hiyo walikuwa na ndugu pande zote mbili za mpaka, na lugha yao ilikuwa moja.

Meli iliyojulikana kuliko zote nayo ililetwa na reli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000 na kupelekwa Kigoma kuungwa upya. Ikapewa jina la gavana wa zamani, Graf von Götzen, na mwanzoni mwa 1915 ikaingia ziwani. Mwaka uliofuata, walipoona Kigoma inawaponyoka, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wao hawakuizamisha hivihivi. Kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito, kila mahali ambapo kutu ingeweza kushika, kama watu wanaojua kwamba kazi yao itatafutwa tena. Ikatafutwa kweli: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Burundi, iliyoanza 1993, ilikuwa ikifika hadi Bujumbura. Mwaka 2015 ikaja tena kwa Warundi, safari hii kuwachukua wakimbizi waliokwama Kagunga, kijiji cha mpakani upande wa Tanzania, na kuwapeleka Kigoma.

Sasa reli mpya inakuja. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi Musongati, hapa Burundi, kwa ajili ya reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, kilomita 282, na sababu yake kubwa ni nikeli. Tumeisubiri na tunaishangilia. Ila tuangalie ramani: itaingia nchini kwa kusini-mashariki, mbali na ziwa. Na upande wa Tanzania, reli ya kisasa ikishafika Kigoma, ile nyembamba ya Mjerumani itabaki na nani? Bado haijafa, na ndiyo maana nasema mapema.

Wenzetu wa Eritrea walichelewa, wakalazimika kuifukua ya kwao. Reli yao ya kutoka bandari ya Massawa hadi Asmara ilijengwa na Waitaliano, ikafika Asmara mwaka 1911 baada ya kupanda milima kwa kilomita 118, hadi zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Vita ya ukombozi iliikatisha katika miaka ya 1970. Vyuma vyake viling'olewa na pande zote mbili vikajenga mahandaki. Baada ya uhuru, mwaka 1994, serikali iliona gharama za kampuni za kigeni hazishikiki, ikawaita wastaafu wa reli. Wakaja wazee wa miaka 70 na 80, wengine wakiwa wamekaa miongo miwili bila kushika spana. Vijana wakazunguka nchi kukusanya vyuma na mataruma, wazee wakawafundisha kuyalaza. Vichwa vya treni vya mvuke vya mwaka 1938 vikafufuliwa karakanani Asmara, na kipuri kisichopatikana kikafuliwa palepale. Mwaka 2003 njia nzima ikaungana tena. Haibebi mizigo ya kutajirisha nchi. Kwa kawaida hukodiwa na watalii wanaovuka dunia kuja kuona mvuke ukipanda mlima. Lakini ipo, na inatembea.

Nikiisoma habari hiyo nazifikiria garaji za Buyenzi, ambako gari lililotupwa na mwenyewe hurudi barabarani kwa vipuri vya magari matatu. Akili ya Asmara tunayo. Tusichokuwa nacho ni mazoea ya kuheshimu vya kwetu. Mtalii anayekuja Burundi hupelekwa Mugere kuona jiwe lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley, tarehe 25 Novemba 1871. Walilala pale usiku mbili tu, wakitokea Ujiji kwa mtumbwi. Waliopiga makasia hawana jiwe. Waliobeba magunia Belbase nao hawana hata kibao.

Safari ya treni ya zamani kutoka Tabora, stesheni ya Kigoma, Liemba, kisha kushukia Bujumbura na kula samaki wa mukeke Buyenzi: hiyo ni safari ambayo mgeni angeilipia, na mapato yake yangefika kwa mwenye mtumbwi, mama ntilie na fundi. Serikali zina mambo mengi. Hili linaweza kuanza na misikiti, familia na vyama vya mtaa. Kama babako au babuyo alifanya kazi relini, melini au Belbase, tafuta tikiti, picha, kitambulisho chake cha kazi, uandike nyuma jina lake na mwaka. Anza kabla mzee wa mwisho anayejua hajazikwa.